Toba ya Mfuko wa Plastiki

Wapo mahasidi wasemao kwamba wenye viwanda wetu ni wazito wa kujifunza mambo ya mazingira, ilhali tangu tarehe 28 Agosti 2017, serikali ya Kenya ilipoiharimisha mifuko ya plastiki kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, waungwana hao walidhihirisha wepesi wa fahamu usio kifani: waliichukua plastiki, wakaifanya nyuzinyuzi hata ikashabihi kitambaa, wakaitia rangi ya kijani na picha ya jani, nayo ikatubu papo hapo. Mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa utovu wa shukrani, ikatangaza Machi 2019 kuipiga marufuku mifuko hiyo mipya.

Hapa Waithaka, Nairobi, mmoja wa mifuko hiyo ungali umenasa kwenye seng'enge, jani limefifia lakini mishikio i imara kama siku ya kwanza. Na ni bidhaa gani nyingine ya zama hizi iliyo na uaminifu huo? Wa kuhurumiwa ni mama mboga aliye jirani yake, ambaye, kwa kukosa semina, angali anafunga sukuma wiki kwa gazeti la jana, tena bila nembo yoyote.