Jinsi ya Kuua Mradi Mbaya Ungali Kwenye Karatasi

Chuo cha wananchi hakidai miradi mingi ya ubunifu. Kinadai michache iliyo ya kweli, na watu wenye moyo wa kuizika ile mingine kabla haijala fedha, muda na imani ya wanachuo. Mwongozo huu unamhusu mkufunzi anayeandaa andiko la mradi, mkuu wa chuo anayelitia saini, mjumbe wa kamati anayelipa alama, na mtathmini anayeshuka kwenye gari baada ya miaka mitatu kuuliza kilichotokea. Una meno, na ni makusudi.

Ninaandika nikiwafikiria wanachuo wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, Tanzania ilipochukua wazo la vyuo vya wananchi vya Sweden na kulifanya lake, ili aliyejifunza kusoma na kuandika apate pa kwenda. Leo viko 54, na ndani yake utakuta ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, upishi, kilimo na ufugaji. Wanaobisha hodi ni vijana na watu wazima ambao mlango wa shule ulifungwa mbele yao: aliyeshindwa mtihani, aliyekosa ada, aliyepata mimba, aliyeitwa nyumbani kulea wadogo zake. Mtu wa namna hiyo ameshaangushwa mara moja. Kumwangusha tena kwa mradi uliobuniwa hovyo ni dhuluma.

UKIWA UNAANDIKA

1. Mtafute aliyeacha

Kabla ya kufungua kompyuta, fungua rejesta. Yatafute majina yaliyokuwapo mwezi wa kwanza na kupotea mwezi wa tatu. Hao ndio washauri wako, na hawadai posho ya kikao. Wapigie simu, au panda bodaboda uwafuate. Uliza swali moja: "Dada, ilikuwaje ukaacha?" Kisha nyamaza usikilize. Utasikia habari za nauli. Utasikia habari za mtoto asiye na wa kumwachia. Utasikia msimu wa palizi, mume aliyekataa, njaa ya saa saba mchana, mkufunzi aliyemdhihaki mbele ya wenzake. Ni nadra umsikie mtu akisema aliacha kwa sababu chuo hakina ubao wa kielektroniki.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na maandiko mengi huandikwa na wenye shibe. Tazama programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na Karibu Tanzania Organization pamoja na vyuo hivi kwa ajili ya wanawake vijana waliokatiza masomo, wengi wao wakiwa kina mama. Sehemu yake yenye nguvu ni kituo cha kulelea watoto ndani ya chuo. Chumba, mlezi, uji, vitu vya kuchezea. Hakuna cha kumshangaza mwandishi wa habari hapo, lakini huo ndio ubunifu, kwa sababu ulianzia kwenye kile hasa kinachomzuia mama kuingia darasani.

2. Eleza tatizo bila kutaja kifaa

Ichukue aya yako ya tatizo. Futa kila neno linalotaja kifaa: kompyuta, tableti, droni, printa ya 3D. Soma kilichobaki. Ikiwa tatizo limetoweka pamoja na kifaa, hukuwa na tatizo, ulikuwa na hamu ya kununua. Chana karatasi uanze upya. Ikiwa kimebaki kitu kama "mafundi wetu wanahitimu bila kujua kumkadiria mteja gharama za kazi", sasa umeshika jambo. Pengine dawa yake ni kompyuta. Pengine ni fundi mzee wa mjini aje kila Ijumaa awafundishe kukadiria matofali na saruji kwa kalamu. Kifaa kije mwisho, kikiwa kimeitwa.

3. Anza padogo, ukue kwa hatua

Kuna andiko linaloahidi kufikia wilaya nzima katika miezi sita. Hilo liue bila huruma. Sisi wenyewe tuna historia ya kufanya makubwa, na historia hiyo inafundisha subira. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vikiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo. Haikudondoka kutoka mbinguni. Kabla yake kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1969, na Wakati wa Furaha, mwaka 1971, kampeni ndogo zaidi zilizowafundisha waandaaji jinsi ya kuandika vitabu vya vikundi, kuwapata viongozi na kupanga muda wa matangazo. Walijaribu, wakarekebisha, wakapanua.

Na ilipofika wakati wa kupima, watathmini hawakuridhika na idadi ya waliohudhuria. Walipita vijijini kabla na baada ya kampeni kuangalia nyumba. Je, kuna choo? Je, mazingira ni safi? Choo huonekana kwa macho, hakihitaji ufafanuzi wa mtaalamu. Kwa hiyo andika mapema: katika mradi wangu, choo ni nini? Kama huna kitu ambacho mgeni anaweza kukiona bila kuelekezwa, andiko halijaiva.

4. Andaa bajeti ya mwaka wa nne

Mfadhili atalipa miaka mitatu. Chuo kitaishi mwaka wa nne, wa tano na wa kumi. Cherehani inataka sindano, mafuta na fundi. Trekta linataka dizeli na tairi. Chumba cha kompyuta kinataka umeme, mlinzi na mtu mwenye ufunguo. Ufunguo huo umeua miradi mingi kuliko ukosefu wa fedha: mkufunzi anayeujua mradi anapata uhamisho, anaondoka na maarifa yake, na anayepokea nafasi yake hajui hata swichi iko wapi. Kwa hiyo kila jukumu liwe na watu wawili wanaolijua, majina yao yaandikwe, na angalau mmoja awe mwenyeji ambaye hahamishwi.

Kisha tazama uwiano. Fungu la semina, posho, fulana na uzinduzi likizidi lile linalomfikia mwanachuo mkononi mwake, umeandika sherehe. Punguza mpaka aibu iishe.

5. Andika masharti ya kufa

Kabla mradi haujaanza, andika sentensi moja: "Ikiwa ifikapo mwezi fulani hatujafikia kiasi fulani, tutasimamisha." Weka tarehe na idadi, saini, bandika ukutani. Bila sentensi hiyo mradi uliokwama hupewa jina jipya na awamu ya pili. Anayeogopa kuiandika haliamini wazo lake, na wewe usiliamini.

UKIWA KAMATINI

6. Mkuu aseme mwisho

Sote tunajua vikao vyetu. Mkuu wa chuo akishasema, "Mimi naona wazo hili ni zuri," kikao kimekwisha, kilichobaki ni soda. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema na nisingependa ipotee, ndiyo maana nashauri utaratibu unaoilinda: kila mjumbe alisome andiko peke yake, aandike alama zake na sababu mbili kwenye karatasi, azikabidhi kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Majadiliano yaanze na mdogo kicheo, yaishe na mkuu. Hapo hakuna aliyempinga mkubwa, na ukweli umepita.

Mezani wawepo mwanachuo, fundi au mfanyabiashara wa nje anayeajiri wahitimu, mhasibu, na mtu aliyewahi kuacha chuo akarudi. Huyo wa mwisho ana kura kamili kama wengine. Atauliza maswali ambayo wengine hatuyawazi, kwa mfano kwa nini mafunzo ya ziada yamewekwa jioni wakati basi la mwisho kwenda kijijini kwao huondoka saa kumi.

7. Uliza kitakachoachwa

Mkufunzi ana saa zilezile. Akipewa mradi, kuna kitu atakiacha: maandalizi ya somo, usimamizi wa karakana, ziara kwa wahitimu. Muulize mwombaji waziwazi, "Mwalimu, ukifanya hili, utaacha lipi?" Akijibu kwamba hataacha chochote, hajapiga hesabu. Kupanga ni kuchagua, na kamati inayopitisha kila andiko haijachagua.

UKIWA UNAPIMA

8. Hesabu walioingia

Ripoti zetu hupenda kusema kwamba wahitimu wengi wa mradi wamejiajiri. Wahitimu! Na walioanza nao wakapotea njiani, nani amewahesabu? Ukipima waliofika tu, mradi unaowafukuza wanyonge utaonekana bora kuliko unaowabeba.

Mfano wa kupima kwa haki uko New York. Mwaka 2007 CUNY, yaani Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Mwanachuo alitakiwa kusoma kwa muda kamili, naye akapewa mshauri asiye na msururu wa wanachuo mlangoni, kadi ya bure ya usafiri, msaada wa vitabu, na nyongeza ya kufidia ada iliyobaki. Shirika la utafiti la MDRC likaupima kwa bahati nasibu: wanachuo 896 wa kipato cha chini waligawanywa bila upendeleo, baadhi wakaingia ASAP, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingizwa ASAP walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Hiyo ni asilimia ya wote walioingizwa, pamoja na walioacha. Vyuo vitatu vya Ohio vilipojaribu mpango wa aina hiyo, matokeo yalikuwa asilimia 35 dhidi ya 19. Ubunifu wenyewe ulikuwa nauli, vitabu, ada na mtu wa kusema naye, vyote kwa pamoja na kwa muda wa kutosha.

Nasi tunaweza. Ikiwa nafasi za mradi ni 40 na walioomba ni 90, usiwachague kwa kujuana wala kwa kuwahi foleni. Piga kura hadharani, majina kwenye kofia, mbele ya wazazi. Hakuna njia ya haki zaidi ya kugawa kidogo kilichopo. Na ukiwafuatilia wale 50 waliokosa kwa uangalifu uleule, utajua mradi uliongeza nini juu ya kile ambacho kingetokea bila wewe.

9. Gawanya gharama kwa waliofika

Hapo juu nilisema hesabu wote walioingia. Kwenye fedha fanya hatua moja zaidi: chukua gharama yote, igawanye kwa idadi ya waliofikia lengo. ASAP ilitumia kwa kila mwanachuo takriban asilimia 60 zaidi ya huduma za kawaida, kiasi cha kumfanya mhasibu yeyote ashike kichwa. Lakini kwa sababu waliohitimu waliongezeka sana, gharama ya kumpata kila mhitimu ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10. Mradi wa bei rahisi usiomfikisha mtu ndio ghali kuliko yote.

10. Usiende siku ya mgeni rasmi

Siku ya mgeni rasmi kila cherehani inalia, kila ukuta una chokaa mbichi, na wanachuo wamevaa fulana zilizofika jana yake. Nenda Jumanne ya kawaida, mwezi wa pili wa mvua, bila taarifa ndefu. Angalia kama vumbi limekaa juu ya vifaa. Mwombe mwanachuo yeyote akuonyeshe kazi aliyoianza mwenyewe. Kisha rudi mwaka mmoja baada ya fedha kuisha, umtafute mhitimu sokoni au gereji, umuulize anaingiza nini na nani alimfundisha. Kama mfadhili hana fungu la safari hiyo, liombwe mapema, kabla ya fungu la mapambo.

11. Itunze ripoti ya kushindwa

Mradi uliokufa kwa uaminifu una thamani kubwa. Andika kurasa mbili: tulidhani nini, tukaona nini, wenzetu wasirudie nini. Nakala moja ikae maktaba ya chuo, nyingine ipelekwe kwa vyuo jirani. Aliyesimamia asishushwe cheo wala kuchekwa, kwa maana siku tutakapomwadhibu anayesema ukweli, maandiko yote yatakayofuata yatakuwa ya uongo, na wanachuo ndio watakaolipa.

Wapo watakaosema masharti haya yatawavunja moyo wabunifu. Naamini kinyume chake. Mkufunzi mwenye wazo jema huteseka zaidi kwenye chuo kinachopitisha kila kitu, kwa sababu fedha zinazomtosha zimegawanywa kwa miradi kumi isiyotosheleza hata mmoja. Kamati inayokataa saba na kusimama nyuma ya mitatu kwa nguvu zote inamheshimu yeye, na inamheshimu mwanachuo aliyeuza kuku wake apate nauli ya kuja kujifunza. Katika kikao chenu kijacho ombeni jambo moja tu liwekwe kwenye kanuni: hakuna andiko litakalopokelewa bila ukurasa wa kwanza wenye maelezo ya watu walioacha chuo na sababu walizotoa kwa maneno yao wenyewe. Kanuni hiyo haigharimu shilingi, na ndiyo itakayoamua mengine yote.