Hongo ya Vituo Viwili

Mama, Baba Mdogo, Shangazi na wote wa Ng'ambo, Tabora,

Dhumuni la barua hii ni kuwaarifu kwamba mwanenu, aliyetoka Ng'ambo kuja ng'ambo, majuzi amekamatwa ndani ya treni hapa Berlin kwa kosa la kusafiri bila tiketi, ilhali tiketi alikuwa nayo mkononi.

Msishtuke, sijafungwa. Nawasimulia mwenyewe kabla Shangazi hajaitia chumvi kwenye grupu la ukoo.

Kwetu utaratibu mnaujua. Unanunua tiketi dirishani, unapanda behewa la Kigoma, unabanana na madumu ya asali na magunia ya watu, na usiku wa manane mkaguzi anakuamsha, anaitia tiketi alama, anakwenda zake. Kuhangaika na tiketi ni kazi ya mkaguzi. Kazi ya abiria ni kulala. Huku stesheni haina geti wala mlinzi, unaingia kama unavyoingia sokoni. Nilinunua tiketi kwenye mashine, nikaikunja vizuri, nikaihifadhi kwenye pochi kama hati ya kiwanja. Kumbe pale pale wanaposubiria treni kuna kisanduku kimesimama kwa mguu mmoja, kina mdomo mwembamba kama tundu la kutumbukizia sadaka. Unakilisha tiketi, kinaing'ata, kinaipiga muhuri wa saa. Usipokilisha, umebeba karatasi tu.

Sasa sikieni jina lake. Wajerumani wanakiita Entwerter. Nimelichambua kwa kamusi: maana yake ni kiondoa thamani. Yaani tiketi niliyoinunua kwa fedha halali haifai kitu mpaka iondolewe thamani! Baba Mdogo, wewe uliyefundisha hesabu, nilikuwaza sana. Siku tatu nimekaa na fumbo hilo, hadi mama mwenye nyumba wangu akalifumbua: tiketi isiyo na muhuri unaweza kuitumia tena kesho na keshokutwa, kwa hiyo lazima iuawe ndipo ikusafirishe. Nikaelewa papo hapo. Ni kuku wa mgeni. Akiwa bado anatembea uani, mgeni hajala.

Nilivyokamatwa nako kuna aibu yake. Treni za huku zina ukimya wa matanga, ila matanga yasiyo na pilau. Nikafungua ujumbe wa sauti wa Mama, ule wa dakika saba, nikidhani unaingia masikioni mwangu peke yangu. Behewa zima likasikia: "Umekula? Umekula nini? Hicho nacho ni chakula?" Nyuma yake jogoo wa jirani akawika. Nikiwa nababaika kutafuta pa kubonyeza, vijana wawili waliovaa kama wanakwenda kutazama mpira wakasimama mbele yangu, wakatoa vitambulisho. Kumbe ndio wakaguzi. Nikawapa tiketi kwa tabasamu pana. Wakaigeuza mbele, wakaigeuza nyuma. Ilikuwa safi kabisa, na usafi huo ndio ulioniponza. Euro 60.

Msafiri wa aina yangu kwa Kijerumani huitwa Schwarzfahrer, mpandaji mweusi. Wanasema halihusiani na rangi ya mtu, na tangu 2021 baadhi ya kampuni za usafiri zimeliacha neno hilo. Mimi nilijitazama kwenye kioo cha dirisha, nikaona kesi yangu haina wakili.

Njia nzima nikawawaza wazee wetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitembea kama miezi mitatu kati ya Unyanyembe kwetu na Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 begani, wakimfuata kirangozi, kiongozi wa msafara. Wakifika Ugogo, watemi wanadai hongo: nguo, shanga, masango. Usipotoa hupiti, wala maji hunywi. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, haijawa neno la kunong'onezana. Hata wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, waliofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, waliilipa. Kisha wakaja Wajerumani hawa hawa, wakafikisha reli Tabora mwaka 1912. Na mimi mjukuu wa wapagazi nimefuata reli hadi kwao, nikalipishwa hongo ya vituo viwili. Tofauti ni kwamba mtemi wa huku anatoa risiti.

Tofauti nyingine inaniuma zaidi. Kirangozi hakuona haya kuuliza njia. Mimi nilikiona kile kisanduku, nikawaona watu wanakilisha, nikanyamaza nisionekane mshamba. Ushamba huo umenigharimu zaidi ya laki moja na nusu za kwetu.

Kwa hiyo mdogo wangu unayekuja Desemba, nisikilize. Anwani yangu iandike kwenye karatasi, maana baridi ya huku inamaliza chaji ya simu kabla hujasema haloo. Ramani ipakue ukiwa bado na bando. Ukisikia Mjerumani anasema saa mbili, ujue ni saa nane. Mimi nilifika kwa daktari wa meno saa sita kabla ya miadi, nikakaa kumsubiri kama mlinzi wa zamu. Na Mama, wakati wa baridi saa zetu zimepishana mbili. Ukinipigia alfajiri baada ya swala, mimi niko katikati ya usiku.

Lakini usiache kupiga. Ule ujumbe wako nimeusikiliza tena chumbani, mara nne. Maneno nilishayashika mara ya kwanza; nilikuwa namsikiliza jogoo. Huku embe linauzwa moja moja, limevalishwa wavu kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, nami nakumbuka yanavyooza chini ya miembe yetu kwa kukosa mlaji.

Mdogo wangu, asali niliyokuja nayo imebaki kijiko kimoja. Sheria ya Ulaya inamruhusu abiria atokaye kwetu kuingia na kilo mbili za asali. Sheria ya tiketi sikuisoma, ila hiyo ya asali nimeisoma mara tatu.