Cheti Ukutani, Transkripti Chini ya Godoro

Jamani, nani hapa Nyakalengija hajala nyama ya mahafali? Hema limefungwa, spika zinatetemesha mabati, mbuzi wawili wameshaaga dunia, na kijana kavaa joho jeusi kwenye jua la saa nane. "Shahada ya Fedha na Benki!" mjomba anatangaza, kisha anarudia ili majirani wenye wivu wasikie vizuri. Kesho yake cheti kinatundikwa sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Na transkripti je? Ee, hiyo iko chini ya godoro. Imeandikwa 2.71.

Baba haulizi, mama haulizi. Anayeuliza ni benki.

Aka! Matangazo ya kazi za benki mjini Kasese mmeyaona wenyewe: daraja la pili la juu kwenda mbele, yaani wastani wa alama, CGPA, wa 3.60 kati ya 5, na uzoefu juu yake. Wetu huyu hata daraja la pili la chini, linaloanzia 2.80, limempita hivihivi. Ni pasi, pasi kavu. Basi anachapisha CV, mahali pa alama anaparuka, eti wenye benki ni vipofu. Anapanda boda, anapeleka bahasha, anarudi kukaa nasi benchini akiitazama simu. Mwambie abebe mizigo ya watalii wanaopanda Rwenzori apate chochote, atakuangalia kwa huruma: "Mzee, mimi ni mtu wa fedha."

Mtu wa fedha! Nenda Mpondwe, mpakani na Kongo, siku ya soko ukawaone watu wa fedha. Wamekaa kwenye viti vya plastiki, mabunda ya faranga za Kongo mapajani, shilingi mfukoni, dola Mungu ndiye ajuaye zilikofichwa. Mteja hajamaliza kuuliza, jibu limeshatoka, na faida ya mwenyewe imo ndani. Nani aliwahi kuwaomba transkripti?

Na akina mama wa vikundi vya akiba ndio usiseme. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Kikundi kimoja kilimwita msomi wetu awasaidie kufunga hesabu za mwaka. Akaomba kompyuta. Akaomba umeme. Akaeleza riba kwa Kiingereza mpaka kuku wakatoka ndani. Alipokuwa bado anatafuta kikokotoo kwenye simu, bibi mweka hazina alikuwa ameshagawa mafungu kwa punje za maharage, na hakuna shilingi iliyopotea. Tulicheka mpaka tukaona haya.

Tusimwonee peke yake, lakini. Serikali ya Uganda ilipozindua PDM, mpango wake wa maendeleo ya parishi, mwaka 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, mkopo wa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6, kila aliyepitia darasa la uhasibu alijiona gavana wa Benki Kuu. Mashati yakapigwa pasi. Kumbe kitabu cha SACCO, chama cha akiba na mikopo kinachokopesha pesa hizo, kinamtaka mtu anayejua nani kakopa pesa ya nguruwe akaenda kulipia pikipiki, na somo hilo chuoni halipo.

Kijana wetu kazi hatimaye kaipata, msishangae. Huku kwetu penye kahawa ndipo penye fedha. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, kule Kyarumba, kina kahawa na mikopo chini ya jina moja. Sasa chama kingine, kidogo tu, kilitaka karani wa mizani. Wazee wa kamati hawakugusa habari za CGPA. Wewe mtoto wa nani? Umewahi kula pesa ya mtu? Wakampa gunia apime mbele yao, kisha wakalipima tena wenyewe. Msimu uliofuata akakabidhiwa daftari la malipo, baadaye akawa mhasibu, na haki yake apewe, hesabu zake zimenyooka.

Lakini ngojeni, uhondo bado. Juzi kabandika tangazo mlangoni, mheshimiwa anatafuta msaidizi. Tukajazana pale, mmoja akatusomea kwa sauti. Mwombaji awe na shahada ya fedha, awe na uzoefu wa miaka 2, na daraja lake lisiwe chini ya la pili la juu.