Hilo "Kama" Mmelipeleka Wapi?

Vitabu vya Kiswahili vinasema hivi: ukimwita mtu "kama simba" umetumia tashbihi, ukimwita "simba" umetumia sitiari. Tofauti ni hilo "kama", basi. Kitu ambacho vitabu havisemi ni kwamba tofauti hiyo ina bei, na kwamba hapa Aru, Kongo, mlipaji ni mimi.

Nenda sokoni. Mama anaapa nanasi lake ni sukari. Angesema ni kama sukari, tungepatana. Sasa nanasi la hapahapa ninauziwa kwa bei ya sukari iliyovuka mpaka kutoka Uganda! Motari naye: "Panda, papa, hii ni ndege." Mashimo yote ya barabara ya Ariwara tunayaingia, hatuliruki hata moja, cha ndege ni nauli tu. Dukani wameandika ukutani kuwa mteja ni mfalme. Mfalme gani anarudishiwa pipi badala ya chenji?

Lakini bingwa wao nilimkuta kwenye bariyeri ya kamba, nisiitaje ni ipi. Ana mvi kunizidi. Akanisogelea polepole: "Papa, mi niko mutoto yako." Angekuwa kama mtoto wangu, ningemsalimu vizuri nikapita. Ila "kama" ameshaling'oa, na mtoto halipwi salamu, mtoto analishwa. Hapo ndipo yanapodaiwa madesu ya bana, maharage ya watoto, ambayo sijaona mtu akiyapika.

Aristotle aliandika kwamba umahiri wa sitiari ni kipaji, mtu hafundishwi na mwenzake. Nilimtilia shaka mzee yule mpaka nikafika kwenye kamba ile. Halafu Lakoff na Johnson, Wamarekani, wakatoa kitabu mwaka 1980 kuonyesha kuwa sitiari si pambo la washairi, kila mtu anaishi nazo. Sawa. Ila kuna tunaoishi nazo, na kuna wanaozila.

Juzi nikaamua kulirudisha neno mahali pake. Nikamwambia yule wa bariyeri, "Mwanangu, mimi niko kama papa yako tu."

Akafikiri, akatabasamu. "Hakuna shida, papa. Toa kama elfu tano."

Nikahesabu shilingi elfu tano za Uganda, nikampa. Hakuachia kamba.

"Papa, nilisema kama."