Pande la Mtu

Dada wa dirisha namba 4 alizitandaza karatasi zangu mezani kama anayechambua dagaa.

"Baba, cheti cha kuzaliwa kinasema Kipande. Cheti cha darasa la saba kinasema Kipanda. Kadi hii hapa inasema Kapande. Sasa nyie ni watu watatu?"

Nikamwambia ni mtu mmoja, amechoka. Hakucheka. Akanirudishia karatasi zote pamoja na fomu mpya ya kitambulisho, kidole kikiwa kwenye mstari ulioandikwa JINA LA UKOO. "Leta uthibitisho wa hili. Wowote ule, mradi uwe wa zamani." Ofisi yenyewe siitaji, maana shida yangu kwao haijaisha.

Jina la ukoo! Nani alituletea kitu hiki? Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. La nne utalisikia siku anasomewa wasifu wa marehemu. Ile ni foleni ya wanaume tu: akizaliwa mtoto, mpya anaingia mbele na wa mwisho anatoka nyuma. Mwanangu wa kwanza nilimwandikisha hivyo hivyo, kwa utaratibu wa wazee, kwa hiyo jina lake la mwisho ni la baba yangu. Mimi la mwisho ni Kipande. Kwenye pasipoti hatuhusiani kabisa. Tulipovuka mpaka mmoja, afisa aliniuliza kwa upole kama mama wa mtoto anajua niko naye wapi.

Jirani yangu Mchaga hana taabu hii. Simama kwenye basi la Moshi uite "Mushi!", watageuka abiria tisa na kondakta. Na watu wa Mombasa wenye jina kama Al-Mazrui, hilo linakupeleka hadi Oman bila kushuka njiani. Hata sisi Wasambaa tuna majina yetu mazuri yanayoanza na She, ambayo ukiyasikia tu unajua mwenyewe katoka milima ipi. Ila kwetu hakuna She hata moja. Kuna Kipande, babu mzaa babu yangu, ambaye kwa haki angekuwa ameshatoka kwenye foleni zamani. Alinaswa humo kwa sababu siku baba anapelekwa shule, mwalimu alikuwa na daftari lenye nafasi ya majina mawili. Akachukua la mwanzo na la mwisho, babu yangu akaachwa nje. Tangu hapo tumeganda.

Nilipiga simu nyumbani, na hilo likawa kosa langu la kwanza. Jioni ile ile lilifunguliwa kundi la WhatsApp, akachaguliwa mweka hazina kabla ya mwenyekiti, na Jumamosi nikaitwa Lushoto kwenye kikao.

Baba mkubwa ndiye aliyefungua. Alieleza kwamba marehemu aliitwa hivyo kwa ajili ya maungo yake. Alikuwa pande la mtu, mlango aliingia kwa ubavu, na aliwahi kumuua chui kwa mchi.

"Kaka," shangazi akamkatiza, "pande ni jitu. Kipande ni kilichobaki."

"Ile ki ni ya heshima."

"Ya heshima wapi? Kijitu ni heshima? Kizee ni heshima?"

Baba mdogo akaomba utulivu ili tusikie historia yenyewe. Kila Msambaa ana ndugu wa namna hii, anayeunganisha ukoo wake na Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akawa mwanzo wa watawala Wakilindi. Habari zake aliziandika Abdallah bin Hemedi lAjjemy katika Habari za Wakilindi, kwa hiyo aliyekuwa na chochote cha kuongeza angepaswa kuwahi. Baba mdogo hajakata tamaa. Mbegha alipofika Usambara, alisema, alikuwa akiua wanyama na kuwagawia watu nyama, na mtu wa kwanza kabisa kupokea kipande ndiye mzee wetu.

Nikauliza ilikuwa nyama ya nini. Sikuuliza kwa ubaya. Ila sifa kubwa ya Mbegha katika masimulizi yale ni kuwinda nguruwe mwitu, na baba mdogo alisilimu zamani alipooa Tanga, swala hazimpiti. Kikao kikanyamaza. Alitazama juu ya kenchi kwa muda.

"Ya kwetu," akasema, "ilikuwa ya paa."

Michango ikapitishwa. Nikatumwa Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, kwa kuwa mimi "nimesoma" na nauli ya kurudi ningelipa mwenyewe.

Yale majalada ya Wajerumani si ya mchezo. Vita ilipowakalia vibaya mwaka 1916 waliyachimbia chini kama mtu anayeficha mahindi, Waingereza wakaja kuyafukua, na mwaka 1997 UNESCO ikayaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nikajiambia, watu waliopata shida yote hii kwa ajili ya karatasi lazima walimwandika mzee wangu mahali fulani. Tatizo ni mwandiko. Wajerumani wa siku zile waliandika herufi zinazofanana zote, utadhani mnyoo umechovya mkia kwenye wino ukapita. Nikamchukua mwalimu mstaafu aliyesoma Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki, tukakubaliana chakula cha mchana na posho.

Lushoto wakati ule waliiita Wilhelmstal. Siku ya kwanza mwalimu alinisomea, kwa sauti ya chini yenye hisia, malalamiko kuhusu kahawa. Siku ya pili mbao: mierezi ya msitu wa Shume iliyokuwa ikining'inizwa kwenye kamba na kushushwa hadi Mkumbara kwenye reli. Siku ya tatu, kahawa tena. Mzungu mwenye shamba ana majina manne na cheo. Mwerezi una urefu na kipenyo. Msambaa ana idadi: wanatakiwa 200, wamekuja 60. Kodi nayo ilikuwa hivyo. Ilipoanzishwa, mwaka 1897, ilikuwa rupia 3 kwa nyumba, kwa hiyo walichohesabu ni mapaa. Nani amelala chini ya paa hilo hawakujali, mradi rupia zimetoka.

Siku ya nne mwalimu akagonga meza. "Kipande!" Watu wawili waliokuwa wakisoma karibu nasi walitugeukia vibaya. Nikainuka. "Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa tena. Bwana, jina lenu limeandikwa humu mara nyingi kuliko la Kaisari."

Ilikuwa kadi. Kuanzia 1907 kila mwanamume wa Wilhelmstal alipewa kipande, na kila miezi minne alitakiwa kukijaza siku 30 za kazi kwa mlowezi kwa ujira uliopangwa. Asipokijaza, anapelekwa kazi za serikali kwa nguvu. Walitoka milimani kwenda kwenye mashamba wakiwa na karatasi mfukoni, na jioni mnyapara anatia alama. Siku ambayo hakutia alama hukufanya kazi, hata kama mgongo wako una ushahidi. Kadi hiyo Waingereza waliikuta wakaikalia. Kwenye mkonge wa Korogwe na Muheza, vipande viliendelea miaka na miaka, na waliotoka mbali kuja kuukata wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Yaani hao hata kipande hawakuitwa.

Nikatuma habari kwenye kundi. Baba mkubwa akajibu kwamba kadi hizo bila shaka ziliitwa kwa jina la marehemu.

Nikaomba pia vitabu vya wilaya vya Waingereza, vile ambavyo mabwana shauri waliandikia mila na koo za kila mahali. Humo zimo nasaba ndefu kweli kweli. Waingereza walipowarudishia Wakilindi utawala pale Vuga mwaka 1926, babu mwenye sifa alikuwa na mshahara ndani yake, na ghafla kila mtu akakumbuka mababu. Sisi hatumo. Wazee wangu huenda ndio watu pekee Usambara nzima waliokaa kimya wakati uongo unalipa, tabia ambayo imekuja kutoweka kwa kishindo katika kizazi cha baba mkubwa.

Nikarudi milimani. Kanisani kijijini mwinjilisti alinitolea kitabu cha ubatizo kutoka kwenye mfuko wa saruji, akanikalisha kwenye benchi na kusimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Hapa angalau watu wana majina. Mwaka 1931: Yosua. Babu yangu! Baba: Kipande, mpagani. Basi. Neno moja na sifa moja. Lakini mstari unaofuata, wa mama, umejaa hadi ukingoni: jina lake, la baba yake, la babu yake, kijiji, na upande wa mto. Bibi huyu hakuna aliyewahi kumuulizia, kundini hatajwi, na ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Kama ukoo ungekuwa ni yeye, kazi ingeisha Jumapili ile ile na mimi ningekuwa nina kitambulisho.

Mwinjilisti ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja, karani mstaafu, aliyekuwa anajua mahali vilipotupwa vitabu vya mashauri ya baraza la zamani. Sitasema ni wapi. Panya wamekula mwaka 1928 wote na robo ya 1929. Kwenye robo tatu zilizobaki, kwa Kiswahili safi na mwandiko ambao Mjerumani angejifunza kitu, nikamkuta.

Mshtakiwa amekutwa akifanya kazi katika shamba la mkonge kwa kipande kisicho chake. Mwenye kipande ametajwa kwa majina yake matatu, kijiji na jumbe wake. Mshtakiwa ameulizwa jina, hakusema. Ameulizwa kodi, hakusema. Ameulizwa mara ya pili jina, amesema "liko kwenye kipande." Faini shilingi 10, au kifungo cha mwezi mmoja. Na karani, kwa kuwa lazima mstari ujazwe, akaandika pale pa jina la mshtakiwa: Kipande.

Nilikaa chini juu ya gunia. Mwanamume huyu alifanya bidii maisha yake yote asionekane kwenye kitabu chochote. Alikwepa kodi, alikwepa jumbe, alifanya kazi ya mkonge kwa jina la mtu mwingine ili asiandikwe, na alipobanwa akaona bora faini kuliko kutaja jina. Alifaulu kabisa. Miaka karibu mia moja baadaye anakuja kitukuu mwenye miwani, na kalamu, na barua ya utambulisho, kumtafuta kwa niaba ya serikali.

Halafu nikamwonea wivu. Mimi dirisha namba 4 limeniuliza jina, nikatoa matatu.

Nilipiga picha ukurasa ule. Jumamosi niliwasomea mbele ya ukoo, chai ikipoa. Shangazi alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, akitulia kidogo anasema "liko kwenye kipande" na kuanza upya. Baba mdogo alisema hilo halikanushi habari ya Mbegha, mtu anaweza kuwa na historia mbili. Mweka hazina aliulizwa michango imefika wapi, akaomba kwenda kunawa mikono.

Baba mkubwa peke yake hakusema kitu. Aliomba simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza hadi kwenye yale majina matatu ya mwenye kipande, akayasoma polepole, midomo ikicheza.

"Hawa nawajua," akasema mwishowe. "Wako ng'ambo ya bonde. Wana kahawa, wana mikaratusi, na kiwanja cha barabarani." Akavua miwani na kunitazama. "Sasa mwanangu, wewe uliyesoma. Kwa karatasi, si sisi ndio wao?"