Barua ya Wazi kwa Mkasi wa Kukatia Utepe

Kwa Mheshimiwa Mkasi,
Mkata Utepe Mkuu,
K.k. Wakuu wote wa Reli.

YAH: OMBI LA KUIZINDUA KARAKANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pongezi. Tangu ulipokata utepe wa reli ya kisasa, Agosti mosi 2024, sisi wa Makole na Chang'ombe, hapa Dodoma, tumekuwa watu wengine. Mtu anakunywa chai ya asubuhi Dar es Salaam, mchana yuko Dodoma analalamikia vumbi. Zamani safari hiyo ilikula usiku mzima, na mkifika, kuku wa jirani yako keshakuzoea. Hata siku ile Shirika la Reli lilipotangaza kwamba umeme wa treni umeleta hitilafu kwa sababu ya ngedere na bundi, hatukununa. Wenzetu Ulaya hukwamishwa na theluji. Kila nchi na neema zake.

Ila ukimaliza kushangilia hiyo reli pana, tazama pembeni kidogo. Ipo nyingine, nyembamba, ya mita moja, ile Wajerumani waliyoitandika hadi ikafika Kigoma mwaka 1914. Inatoka Kigwe, inapita Zuzu, inakatiza mjini kwetu, inakwenda Ihumwa na Kikombo. Na Ihumwa ni jirani wa Mtumba, ambako wizara zilihamia mwaka 2019. Maana yake Mjerumani, bila kujua, alikwisha kutuwekea njia ya kwenda ofisini zaidi ya miaka mia moja kabla ofisi hazijajengwa. Imebaki treni tu. Mimi kila asubuhi nimo kwenye daladala, mguu mmoja wangu, wa pili sijui wa nani, nawaza jinsi Mjerumani alivyonihurumia kuliko jamaa zangu.

Wataalamu watakwambia mabehewa ni chakavu. Kweli. Lakini Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza treni yake ya mjini kwa mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, ikawabeba watu kati ya Ubungo na Stesheni, na wananchi wakaibatiza jina la waziri: treni ya Mwakyembe. Behewa chakavu likipita mikononi mwa fundi hurudi kuwa behewa. Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba karakana haina utepe.

Ukarabati una aibu moja: ukifanikiwa, hakuna kinachotokea. Breki zinashika, treni inafika, abiria anashuka anakwenda zake. Mpiga picha apige nini? Kwa hiyo napendekeza kila kiatu kipya cha breki kizinduliwe rasmi, kwa zulia jekundu na ngoma ya muheme. Kopo la grisi lipewe jina la kiongozi, lisomewe risala. Na mitaro ya kati ya Gulwe na Kilosa, ambako Mto Mkondoa umezoea kuila reli, ikizibuliwa kabla ya mvua iwe sikukuu ya taifa. Maana reli ikishasombwa, msafara wa magari ya kwenda kuitazama huwa mrefu kuliko treni yenyewe.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda pale stesheni ya zamani kumtazama fundi mmoja mwenye nyundo ya mpini mrefu. Treni ikisimama, anaanza kichwani hadi behewa la mwisho, anagonga gurudumu moja moja, anatega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, kama debe lenye maji. Akiisikia hiyo anainama, anarudia, kisha anachora alama kwa chaki. Abiria madirishani wananunua mayai na karanga, hakuna anayemtazama. Sikuwahi kuona mtu akimpa hata shada la maua.

Tarehe 24 Juni 2002, mkoani humu humu, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu ilikosa breki, ikaanza kurudi nyuma, ikashuka kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Ombi langu basi ni hili. Chagua siku yoyote ya kazi, bila msafara, bila ving'ora, ufike karakana ya Morogoro. Muulize mwenye nyundo ana vipuri gani na anakosa vipi, umsikilize hadi amalize. Halafu ukirudi Dodoma, pita reli ya zamani hadi Ihumwa, kwa behewa, saa moja asubuhi, na sisi tukiwamo.

Kuhusu gharama za utepe usiwe na shaka. Nitaununua mwenyewe, Soko la Majengo.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa daladala,
Dodoma.