Sifa za Mita ya Bando

Asifuye mvua imemnyea. Mimi naisifu mita ya bando, na imeninyea kila mwisho wa mwezi tangu tuliposimamisha ruta ya intaneti dirishani, nyumbani Busia, upande wa Kenya.

Mji wetu una sifa ya kutohesabika. Sukari huvuka, mayai huvuka, mahindi huvuka, mengine getini na mengine kwa njia za panya, nyuma ya jikoni za watu. Hata bodaboda husemwa ilianzia hapa miaka ya 1960, baiskeli zikibeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Tangu 2018 forodha za nchi mbili zinakaa chini ya paa moja, na bado panya wana barabara zao. Lakini mita haina njia ya panya. Hailali, haili chai, haimjui mtoto wa mkubwa. Megabaiti ikipita, imeandikwa.

Tena ndiyo iliyonionyesha mpaka ulipo. Nikianika nguo uani, simu hupokea ujumbe wa kunikaribisha Uganda, na data inaanza kuliwa kwa bei ya mgeni. Wakoloni walichora mstari wao kwenye ramani. Mita imeuchora wangu kati ya kamba ya pili na ya tatu. Siku hizi mashuka ya kamba ya tatu nayaanika nikiwa nimezima simu.

Ndani ya nyumba mita imelea vizuri kuliko mimi. Daftari la miraba linaning'inia kwa uzi juu ya ruta, penseli imefungwa hapo hapo isije ikahama, na kila jioni baada ya ugali tunasomewa tarakimu kama matokeo ya mtihani. Kijana wetu, alipojua kwamba video ya picha safi yaweza kumeza hata gigabaiti 3 kwa saa, aliamua kutazama mpira kwa picha ya ukungu. Anasema wachezaji anawatambua kwa mwendo wao. Mpira haumtambui.

Shemeji alitutembelea kutoka Tororo, akalala usiku mmoja tu. Asubuhi daftari likaonyesha gigabaiti 11 zimeondoka.

"Shemeji, mimi sijagusa kitu. Nililala."

Kweli alilala. Simu yake ndiyo iliyokesha, ikipandisha picha za harusi nzima na kusasisha programu ambazo mwenyewe hakumbuki alizitafutia nini. Ningemwambiaje, na ushemeji una heshima yake? Mita ikamwambia. Alinywa chai yake kimya, akaahidi kuleta kuku, na kuku akaja.

Kwao shemeji, Uganda, serikali ilijaribu uhodari huu wa mita. Julai 2018 ikaja tozo ya mitandao ya kijamii iliyoitwa OTT, shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetaka WhatsApp au Facebook. Watu wakakimbilia VPN, nayo VPN huongeza ulaji wa data, kwa hiyo aliyeikwepa tozo alikutana na mita mlangoni. Julai 2021 OTT ikafutwa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tozo huja na kuondoka. Mita iko pale pale, inahesabu.

Wenye chuki husema mita ya simu na ile ya kampuni hazikubaliani. Hazikubaliani, ndiyo. Mimi naiheshimu ya kampuni, maana ndiyo inayokata.

Mwezi uliopita, usiku wa tarehe 30, tulibakiwa na megabaiti 212. Mama akaomba tumpigie dada yake wa Tororo kwa video, amwone tu. Tukakaa watano mbele ya simu moja. Yeye alikuwa anatazama uso wa dada yake. Sisi wanne tulikuwa tunatazama tarakimu, na kijana ameshika penseli.